Kwani mtoni si wanakaa pamoja?

Mhariri, naomba nafasi kwa gazeti lako niseme jambo ambalo najua kuna watu wataliona dogo, lakini huku kwetu Mombasa limeanza kuwa kubwa na sijaona mtu akiliandika. Mimi ni fundi wa vioo na madirisha ya aluminiamu, niko upande wa Kongowea, na siku hizi pamoja na hayo madirisha natengeneza matangi ya samaki, akwariamu kama wanavoita vijana. Zamani mtu akitengenezewa tangi anakwenda dukani ananunua samaki wa dhahabu wake wawili watatu, bas, mambo yameisha. Sasa hivi hawataki samaki wa dukani, wanakwenda kuvua wenyewe, huyu kenda Rabai mto Kombeni, huyu Ramisi, mwengine ana mjomba wake karibu na Sabaki, wanarudi na ndoo ina samaki wa kila aina wakubwa kwa wadogo na yote inamwagwa kwa tangi moja. Ukimuuliza, ndugu yangu, hawa wote utawaweka pamoja kweli? anakujibu upesi: kwani mtoni si wanakaa pamoja?

Na si vijana tu. Kuna wauzaji wa barabarani nao wanasema hivo hivo, anakupimia ndani ya mfuko wa plastiki perege wawili, kambare mmoja na visamaki kumi vya mapambo juu, bei ya jumla, na akishapokea pesa yake humuoni tena mpaka samaki wamekwisha.

Kabla sijaendelea nataka nieleweke, sikatazi mtu kufuga samaki wa mito yetu. Tena nafurahi. Samaki wa dhahabu asili yake ni Uchina huko, na mtoto wa hapa anamjua huyo vizuri kuliko perege wa mto unaopita nyuma ya shule yao, perege anamjua akiwa kwa sufuria tu. Mtu akimweka samaki wa kwao mbele ya kioo akamwangalia anavopumua, anavolea watoto, anavogombana, atajifunza mengi sana. Ubishi wangu uko kwa hilo swali tu, la kwani mtoni si wanakaa pamoja.

Wanakaa pamoja ndio. Wanakaa pamoja vile mtu wa Mombasa na mtu wa Kisumu wanakaa pamoja Kenya, kila mtu na pake. Vile visamaki vidogo viko pembeni kwa nyasi, maji ya kifundo cha mguu, wenye miili yao wako kwenye kina, kambare mchana kutwa kalala chini ya gogo ama ndani ya tope anangoja giza liingie ndo atoke kutafuta riziki. Akifukuzwa mtu anakimbia, mto mrefu, hakuna anayemfuata hata Mariakani. Na kuliwa wanaliwa kila siku, sema hakuna anayehesabu. Sasa hao hao unawatia kwa tangi la sentimita 90 kwa 40 kwa 45, hizo ni lita 162 ukijaza mpaka ukingoni, na likishatiwa mchanga na mawe hata hizo lita hazifiki, unamwambia mdogo akimbilie wapi?

Kuna kijana wa Mishomoroni alinirudia dukani analalamika kifuniko nilichomtengenezea hakifungi sawasawa kwa sababu paka anamwibia samaki usiku. Alikuwa na visamaki kibao vile vya fedha, na kambare mmoja mdogo tu, urefu wa kidole cha kati, ambaye alimuonea huruma. Kila asubuhi visamaki vinapungua. Nikamwambia kifuniko hakina shida, usiku zima taa zote, ngoja kama saa moja hivi alafu washa tochi ya simu kwa ubavu wa tangi si kwa juu. Alichoona ndo hiki, vile visamaki vimesimama kimya karibu na mchanga kama vimelala, na kambare anakuja polepole chini chini zile ndevu zake zimetangulia mbele zinapapasa, hafukuzi mtu, hana haraka, ndevu ikigusa kitu tu mdomo unafunguka na kile kitu hakipo tena. Mdomo wa kambare ukimwangalia amefunga ni mstari tu, lakini ni mpana karibu sawa na kichwa chake chote. Paka wa watu alisingiziwa bure.

Na huyo kambare kwa wale wasiomjua, jina lake la kitaalamu ni Clarias gariepinus, anaweza kupita mita moja akipewa nafasi na chakula, si samaki wa kuonea huruma ukimpata mdogo. Ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu kama sisi, kwa hivo maji yakiharibika yeye ndo wa mwisho kuumwa, wenzake washakufa yeye bado anazunguka, na mwenye tangi anaona si huyu mzima, basi maji yako sawa. Kumbe hayako sawa. Tena usiku akiona kifuniko kiko wazi anatoka anatambaa sakafuni. Mtu anayempenda kambare ampe tangi lake peke yake, tena kubwa, ama bora zaidi awe na bwawa.

Kanuni ninayowapa wateja wangu ni moja, usiangalie rangi, angalia mdomo. Samaki anayeingia kwa mdomo wa mwenzake atakuwa chakula, leo ama mwezi ujao, kwa sababu wanakua na hawakui sawa. Alafu ukishamaliza mdomo ndo uangalie hasira.

Hasira ninayosema ni ya perege. Perege wa asili wa mito yetu ya pwani, yule wa Sabaki na Tana na vijito vyengine, anaitwa Oreochromis spilurus, na akiwa mtoto ni mpole, anakula kila kitu, watu wanamdhania malaika. Dume akishapevuka mambo yanageuka. Anachagua pahali anachimba shimo kwa mchanga, anabeba mchanga kwa mdomo anautema pembeni, mmea uliopanda utaung'oa wewe mwenyewe umechoka kuurudisha, na kutoka hapo nusu ya tangi ni yake na anayepita anapigwa. Mtoni aliyepigwa angekwenda zake. Kwa tangi anapigwa asubuhi, anapigwa jioni, anakaa pembeni juu karibu na bomba la pampu mapezi yamechanika na hali chakula, alafu mwenye tangi anakwenda kununua dawa ya ugonjwa. Dawa ya nini sasa? Madume wawili wakubwa kwa tangi la nyumbani hawawezekani, weka dume mmoja na majike kadhaa, na iwe tangi la urefu wa futi nne ama zaidi, ama chukua watoto wa saizi moja ukijua utawatoa wakikua.

Lakini perege akitulia hakuna samaki wa kuangalia kama huyo. Jike anataga, anayachukua mayai yote mdomoni, na anakaa nayo humo mpaka yanaanguliwa na watoto wanaweza kuogelea, siku zote hizo hali ama anakula kidogo sana, utaona kidevu kimejaa na anatafuna tafuna polepole, pale anayageuza mayai yapate maji safi. Akitishwa anaweza kuyatema ama kuyameza, kwa hivo wewe mama ukiona hivo waambie watoto waache kugonga kioo. Watoto wakitoka wakiona hatari wanarudi mbio mdomoni kwa mama yao. Mtoto wa shule akiona hilo mara moja halisahau.

Wanaofaa kuanza nao kwa tangi la kawaida la futi tatu ni wale visamaki vya fedha vyenye vindevu vidogo mdomoni ambavyo wataalamu walikuwa wanawaita Barbus na siku hizi wengi wamehamishiwa jina la Enteromius. Hao ni samaki wa kundi, ukiweka wawili wanajificha siku nzima unadhani wanaumwa, weka wanane ama kumi ndo utaona raha yake, wanakwenda pamoja wanageuka pamoja. Wana ugomvi mdogo mdogo tu usio na madhara. Kamba wa mtoni wale wadogo wadogo wanaweza kukaa nao, lakini yule kamba mwenye makoleo marefu kuliko mwili wake usimtie, usiku anafanya kazi ile ile ya kambare.

Mkunga wa mtoni naye nishaona ameletwa kwa chupa ya maji ya lita moja na nusu, mwembamba kama kalamu. Huyo muacheni. Kazaliwa baharini, mbali huko Bahari ya Hindi, kapanda mto akiwa mdogo hata hana rangi, anakaa mtoni miaka na miaka alafu akikomaa anashuka tena baharini kuzaa na kufa huko huko. Ukimfungia nyumbani umemkatia safari, na atatoka kwa tundu ambalo hukujua kama lipo. Kamongo, yule samaki mwenye mapafu, sina maneno mengi, anauma, akae peke yake.

Sasa nije kwa wale ambao ndo hasa wamenitoa usingizi. Kuna samaki wadogo, mimi nawaita samaki wa mvua, kitaalamu ni Nothobranchius, wanakaa kwenye vidimbwi vya barabarani na mashimo ya mashambani yanayojaa masika na vuli na kukauka kabisa kiangazi. Dume ana urefu kama wa kidole na rangi utadhani kapakwa, buluu na wekundu, mkia mwekundu, na jike ni kijivu tu wala humtazami mara mbili. Mtu akiwaona kwenye dimbwi ambalo mwezi wa pili lilikuwa vumbi tupu anaapa wameshuka na mvua. Hawakushuka popote, walikuwa chini ya miguu yake. Wanataga mayai ndani ya tope, maji yakikauka wakubwa wote wanakufa, mayai yanabaki kwenye ule udongo mweusi yamelala mpaka mvua ije, na si yote yanaamka kwa mvua ya kwanza, mengine yanabaki kungoja nyengine, kwa sababu mvua ya kwanza saa zengine ni ya uongo na dimbwi linakauka tena kabla hawajakua. Wakiangua wanakua mbio mbio, wiki chache tu washaanza kutaga. Jamaa yao wa Zimbabwe na Msumbiji, Nothobranchius furzeri, wanasayansi wa Ulaya na Marekani wanamfuga maabara wajifunze habari za uzee, kwa kuwa maisha yake yote yanakwisha kwa miezi michache. Sisi tuna wa kwetu hapa kando ya barabara tunawakanyaga.

Hawa ndo vijana wanawapenda kwa ajili ya rangi na ndo wanaotiwa tangi moja na perege. Haifai kabisa. Wamezoea dimbwi ambalo samaki wengi wakubwa hawaishi maana linakauka, perege atawachuna mapezi, na chakula wanataka kinachotembea kama viluwiluwi vya mbu, wanapokuwa bado wanakiangalia chakula kikavu kinachoelea, wenzao washakimaliza. Wape tangi lao dogo, hata lita 30, dume mmoja na majike wawili watatu, kifuniko kisiwe na nafasi kwa sababu wanaruka, na bakuli la udongo laini wa kutagia. Na wakifa baada ya miezi kadhaa usiende kumtukana muuzaji, umri wao ndo huo. Toa lile bakuli, kamua udongo mpaka ubaki na unyevu kidogo tu, tia ndani ya mfuko wa plastiki, andika tarehe, hifadhi pahali pa giza, na baada ya miezi utamwagia maji uone.

Kitu chengine kuhusu hawa hawa. Si wa aina moja. Wa huku kusini ya pwani ni Nothobranchius palmqvisti, upande wa Malindi kuna jubbi, na Kikambala kuna interruptus ambaye anajulikana kutoka sehemu hio ndogo tu. Majike wao mtu wa kawaida hawezi kuwatofautisha hata akipewa miwani. Ukileta jike wa Kikambala ukamtia na dume wa Ramisi unaweza kupata watoto ambao si hawa si wale, alafu umgawie rafiki yako, naye amwage dimbwini, na hapo umeharibu kitu ambacho hakuna duka la kukinunua tena. Kwa hivo andika kwa karatasi ubandike kwa kioo, samaki wametoka wapi na lini, na dimbwi moja lisichanganywe na jengine hata kama yako kilomita chache. Na unapovua usikokote dimbwi zima kwa chandarua, chukua wachache uondoke. Dimbwi la saizi ya matatu moja ukitoa majike wote kabla hawajataga mwakani hapatakuwa na kitu pale.

Ingawa nikisema ukweli chandarua si adui mkubwa. Adui mkubwa ni kifusi. Kikambala na njia yote ya Diani kila ploti inainuliwa, lori linamwaga mawe ya matumbawe juu ya shimo la maji, kesho ukuta, na mwenye ploti hana habari alichozika. Simlaumu, nani alimwambia?

Turudi nyumbani kwa tangi, maana kuna swala la maji na hapo ndo samaki wengi wanakufa Mombasa hata wale waliochaguliwa vizuri. Samaki anakojoa ndani ya maji anayopumua. Uchafu wake na chakula kilichobaki vinatoa amonia, amonia ni sumu, kuna bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaigeuza hio kuwa naitreti ambayo si mbaya sana, hio unaipunguza kwa kubadilisha robo ya maji kila wiki. Hao bakteria hawaji siku moja, wanachukua wiki nne mpaka sita kujaa kwa filta na mchanga. Mtu ananunua tangi Ijumaa, Jumapili anamwaga ndoo nzima ya samaki, Alhamisi ananipigia simu silikoni yangu imeua samaki. Silikoni yangu ni ile ya kawaida isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, ile ya bafuni ndo ina sumu, na huwa nampa mtu tangi harufu ya siki ikishaisha kabisa. Silikoni haina makosa.

Alafu huku kwetu amonia ina ukali wa ziada. Visima vyetu vimechimbwa ndani ya mawe ya matumbawe, maji yake yana chokaa, ndo maana birika lina ukoko mweupe, na maji ya namna hio pH yake, yaani kile kipimo cha asidi na magadi ya maji, iko juu upande wa magadi. pH ikiwa juu na joto likiwa juu sehemu kubwa zaidi ya amonia inakuwa ile yenye kudhuru. Kwa hivo mtu wa Nairobi anaweza kuponea pale ambapo wewe wa Majengo hutaponea na samaki ni hao hao na tangi ni hilo hilo. Tia samaki wachache, wape chakula kidogo, na ugali na mkate usitie kabisa hata wakila kwa furaha. Dagaa waliosagwa vizuri kidogo kidogo ni sawa.

Kisima chengine maji yake yana chumvi wazi wazi ukionja, hayo usimtilie kisamaki cha kundi wala samaki wa mvua. Perege wetu wa spilurus anastahimili, mpaka wamefugwa kwa maji ya bahari huko Saudia na Kuwait, lakini naye mzoeshe polepole usimtumbukize tu. Maji ya mfereji yakija yana klorini, yaache kwa ndoo wazi siku nzima ndo uyatie. Hita usinunue, Mombasa unapasha nini? Shida yetu ni kinyume chake, maji yakiwa moto yanabeba oksijeni kidogo, na stima ikipotea usiku wa mwezi wa tatu filta imesimama samaki wanapanda juu kuhema. Kuna vipampu vya betri, na kama huna chota maji kwa kikombe uyamwage kutoka juu, tena na tena, mpaka stima irudi, ni kazi lakini inaokoa. Na lile tangi la futi tatu likijaa ni kilo 160 za maji bila kuhesabu kioo na mawe, usiliweke juu ya meza ya TV.

Kwa wazazi nina neno jengine. Huko Kwale na sehemu nyengine za pwani kichocho kiko siku nyingi, watoto wanakojoa damu na nyumba nyengine inaonekana kawaida tu. Mdudu wake anatoka kwa konokono wa maji matamu, anaogelea akitafuta ngozi ya mtu, na anatoka kwa wingi jua likiwa kali katikati ya mchana, yaani saa zile zile vijana wanavua nguo wanaingia dimbwini na chandarua. Vaeni buti za mpira, simameni ukingoni mtumie wavu wa mpini mrefu, na aliyeingia maji ya namna hio akaona dalili aende hospitali, dawa ipo. Majani ya mtoni msiyalete nyumbani na konokono wake, mnaleta kiwanda kizima. Maji mliyobebea samaki msitie mikono ndani yake, na msiyamwage kwa tangi, samaki muwatoe kwa kijiwavu.

Na wale samaki wapya wakae kwa tangi jengine ama beseni kubwa wiki mbili tatu kabla ya kuingia na wenzao. Samaki wa mtoni huja na wageni, kuna wale wadudu kama vijiuzi vimening'inia ubavuni, kuna chawa wa samaki bapa wanaotembea juu ya ngozi, kuna vidoa vyeupe kama chembe za chumvi. Kwa beseni unamtibu mmoja. Kwa tangi unawazika wote.

Sasa mtu kachoka, ama kambare kawa kama mkono wa mtu mzima, ama anahama nyumba. Anafanya nini? Anachukua ndoo anakwenda kumwaga mto ulio karibu, tena anajiona kafanya wema. Hilo nakataa kwa nguvu zote. Huyo samaki keshakaa na samaki wa dukani, keshapata magonjwa ambayo mto ule haujawahi kuyaona, na pengine hata hakutoka mto huo. Tunajua yaliyotokea Ziwa Victoria, mbuta, yule sangara mkubwa mla wenzake, alipandikizwa miaka ya 1950 na wale fulu, visamaki vya asili vya ziwa, wa kila aina, mamia ya aina, wengi wao hawaonekani tena. Na perege wa Naili, Oreochromis niloticus, ambaye vifaranga vyake vilisambazwa sana tangu ule mpango wa serikali wa mabwawa wa 2009, anazaana na perege wa asili akikutana nao, baada ya muda huna wa asili tena una mchanganyiko. Gapi naye mnamuona mzuri, mdogo, anazaa watoto hai kila mwezi, huyo si wa kwetu, katoka Amerika ya Kusini, mkimmwaga kwenye mfereji wa mvua hamtamtoa tena.

Ninachoomba, mhariri, ni watu wa uvuvi wa kaunti na wale wataalamu wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, pale Mkomani watuandikie karatasi moja tu ya Kiswahili, yenye picha za samaki hawa wa maji matamu wa pwani, wapi hairuhusiwi kuvua na nani anahitaji kibali. Watu wanaovua samaki wa mapambo wa baharini kwa kuuza nje wanajua ofisi za kwenda. Huyu kijana wa ndoo hajui kitu, hajui hata kama Shimba Hills ndani ya hifadhi hutoi kiumbe bila ruhusa ya KWS, shirika la wanyamapori. Hio karatasi mimi nitaibandika dukani kwangu na kila anayechukua tangi ataondoka nayo.

Na wewe mwenye kambare aliyeshinda tangi, mtafute mtu mwenye bwawa lililozibwa vizuri umpe. Ukimkosa, na kama hujatia dawa yoyote kwa maji yake, mweke kwa maji safi siku mbili tatu atoe ile harufu ya tope, alafu ni tui zito, ndimu, kitunguu saumu na pilipili za kuchoma. Mtoni harudi.

Fundi wa vioo,
Kongowea, Mombasa